Kabla Kijiji Hakijatoa Ardhi kwa Mafuta ya Mwani

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, na kila mwezi wakazi wa Shinyanga na Geita hukumbushwa umbali wao na bahari. Mafuta hushushwa katika bandari za pwani, kisha hupakiwa kwenye malori kuja Kanda ya Ziwa, na nauli ya safari hiyo hulipwa na mnunuzi wa mwisho. Kwa mwenye gari hiyo ni kero. Kwa mchimbaji mdogo wa Rwamgasa, Mgusu au Nyarugusu, ambaye pampu ya kutoa maji duarani, kompresa na karasha vyote hunywa dizeli, bei hiyo ndiyo huamua kama leo atashuka duarani au atakaa kivulini.

Kwa hiyo sikushangaa pale mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Kishapu, aliponiletea andiko la mradi wa kuzalisha dizeli kutokana na mwani. Andiko lilikuwa safi. Lilipendekeza mabwawa yenye ukubwa wa hekta 100 katika kijiji chao, na mafuta yatakayopatikana yauzwe kwa wachimbaji wa Geita na Kahama kwa bei nafuu kuliko ya vituo. Jua tunalo mwaka mzima, aliandika. Ardhi isiyolimika tunayo. Soko liko jirani. Baadhi ya wazee wa kijiji wameshamwambia kwamba wako tayari kulizungumza suala la kutoa sehemu ya ardhi ya malisho. Akaniuliza, "Mwalimu, nionyeshe kosa liko wapi, kama lipo." Nimemwomba ruhusa nimjibu hadharani, kwa sababu swali lake si lake peke yake. Maandiko ya namna hii yanapita katika ofisi nyingi za halmashauri, na watakaoyatia saini ni pamoja na wasomaji wa ukurasa huu.

Nianze kwa kumtendea haki. Mwani ninaouzungumzia si ule unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani katika pwani ya Unguja, unaofungwa kwenye kamba na kuanikwa juani. Huu ni mwani mdogo sana, ambao kila mmoja ni chembe hai isiyoonekana bila hadubini. Tunauona pale tu unapojaa kwa mabilioni na kuyageuza maji ya lambo kuwa ya kijani. Baadhi ya aina zake huhifadhi mafuta ndani ya chembe zao, na mafuta hayo yakikamuliwa na kupitishwa katika hatua za kikemia huwa dizeli inayoweza kuendesha injini ya kawaida. Hilo limethibitishwa. Ni kweli pia kwamba mwani huongezeka haraka, na kwamba hauhitaji udongo wenye rutuba, hivyo haugombanii shamba na mahindi wala pamba. Katika haya mwanafunzi wangu hakudanganywa.

Kosa halimo katika biolojia. Limo katika hesabu, na hesabu yenyewe ni ya aina ambayo watu wa Geita huifahamu kuliko sisi tunaofundisha vyuoni.

Mchimbaji anapotaka kujua kama mwamba wake una maana, huuliza una gramu ngapi kwa tani. Tani nzima ya mawe huvunjwa, husagwa na kuchenjuliwa ili kupata kitu kisichojaza kijiko cha chai. Kazi hiyo ina maana kwa sababu gramu moja ya dhahabu siku hizi huuzwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi. Sasa tuliangalie bwawa la mwani kwa jicho hilohilo. Bwawa la wazi lililotunzwa vizuri huwa na takriban nusu gramu ya mwani mkavu katika kila lita ya maji, yaani gramu 500 kwa tani. Ukilinganisha na mwamba wa dhahabu, huo ni utajiri mkubwa. Lakini kati ya gramu hizo 500, tukichukulia kwamba mafuta ni asilimia 20, mafuta yenyewe ni gramu 100 tu. Ili kupata lita moja ya mafuta ni lazima kupitisha lita zipatazo 9,000 za maji kwenye uchujaji, kuuondoa mwani ambao ni mdogo mno kuzuiwa na kitambaa, kuupunguza maji kwa mashine zinazokula umeme, kuuvunja chembe zake, kisha kuukamua. Baada ya kazi yote hiyo, ulichonacho mkononi ni lita moja ya kitu ambacho kituo cha mafuta hukiuza kwa maelfu machache ya shilingi. Gharama za kuchenjua zinafanana na za dhahabu, na bei ya kuuzia ni ya dizeli. Katikati ya mambo hayo mawili ndipo miradi mingi ya mwani duniani imezama.

Wala haikuzama kwa kukosa fedha au wataalamu. Mwaka 1978 Marekani ilianzisha programu ya serikali ya kutafiti mafuta ya mwani, ikaiendesha hadi mwaka 1996, ikatumia takriban dola milioni 25. Ripoti ya kuifunga ilieleza kwamba jambo linawezekana kitaalamu, lakini gharama yake ilikuwa mbali sana na bei ya mafuta ya petroli. Bei ya mafuta ghafi ilipopanda hadi karibu dola 147 kwa pipa katika Julai 2008, matumaini yalifufuka. Mwaka uliofuata kampuni ya ExxonMobil ilitangaza kwamba ingeweza kutumia hadi dola milioni 600 katika utafiti huo pamoja na kampuni ya Synthetic Genomics. Mwaka 2013 walirudi kwenye utafiti wa msingi, na mwaka 2023 ExxonMobil ikaacha kuufadhili. Kampuni ya Solazyme, iliyowahi kuliuzia Jeshi la Majini la Marekani mafuta ya mwani, ilihamia kwenye viungo vya chakula na vipodozi, ikabadili jina mwaka 2016, na mwaka 2017 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Ikiwa waliokuwa na maabara hizo na mitaji hiyo walishindwa kuishusha bei, kijiji cha Kishapu kina haki ya kuuliza kitaishusha kwa njia gani.

Kuna dalili nyingine ambayo mwenye biashara huiona upesi. Wale wanaofaulu kukuza mwani kwa faida hawauchomi. Huuuza kama chakula. Mwani wa aina ya spirulina, ambao ndugu zake hulisha makundi ya heroe katika maziwa ya magadi kama Natron, na ambao wanawake wa kandokando ya Ziwa Chad huuvuna na kuukausha kwa mboga, huuzwa kwa kilo kama lishe kwa bei ambayo hakuna dizeli inayoweza kuifikia. Mkulima mwenye akili hachomi maharage ili kuchemshia maji.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa Shinyanga ni zito kuliko yote: maji.

Jua linaloukuza mwani ndilo linaloyakausha maji yake. Katika nyanda zetu kavu, maji yanayopaa kutoka kwenye bwawa la wazi ni mengi kuliko mvua inayoliangukia. Tuchukulie kwamba, baada ya kuhesabu mvua, bwawa hupoteza meta moja na robo tu ya kina kwa mwaka. Kwa anayeijua Kishapu ya mwezi wa tisa, makadirio hayo hayana chumvi. Tuyapunguze zaidi, tuseme meta 1.2. Hekta moja basi hupoteza meta za ujazo 12,000, yaani lita milioni 12 kwa mwaka. Upande wa mavuno, tuchukulie gramu 15 za mwani mkavu kwa kila meta ya mraba kwa siku, bila siku hata moja ya ugonjwa wala hitilafu. Hiyo ni karibu tani 55 kwa hekta kwa mwaka, na kwa asilimia 20 ya mafuta tunapata lita zipatazo 12,000. Gawanya. Kila lita ya mafuta imepoteza lita 1,000 za maji hewani. Ni ndoo 50 za lita ishirini kwa lita moja ya mafuta, na hapo hatujahesabu maji ya kuosha wala yanayovuja.

Kwa hekta 100 za andiko la mwanafunzi wangu, maji yanayopaa ni lita bilioni 1.2 kwa mwaka. Ukimpa mtu mmoja lita 50 kwa siku, maji hayo yangetosha watu zaidi ya 65,000 mwaka mzima.

Na maji ya Shinyanga si ya kuokota. Kwa miaka mingi mkoa huu uliishi kwa malambo, visima vya chumvi na foleni za ndoo. Mwaka 2004 ulipoanza mradi wa kuyaleta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga, Misri ililalamika kwa kutumia makubaliano ya mwaka 1929 ambayo Uingereza iliyaingia kwa niaba ya makoloni yake, makubaliano ambayo Tanganyika huru ilikataa kufungwa nayo. Serikali ilisimamia msimamo huo wa tangu enzi za Mwalimu Nyerere, ikajenga kwa fedha zake, na mwaka 2009 mradi ukazinduliwa. Yalikuwa maji ya kunywa yaliyodaiwa kwa hoja ya haki: kwamba watu wanaoishi jirani na ziwa hawawezi kuamriwa wafe kiu. Sioni tutakavyosimama na hoja hiyo mbele ya majirani zetu wa Bonde la Mto Nile huku tukiyamwaga maji hayohayo kwenye mabwawa ili yapae.

Baada ya maji huja mbolea. Mwani ni mmea wenye njaa. Katika kila kilo 100 za mwani mkavu, kilo sita hivi ni naitrojeni. Tani 55 zinahitaji tani 3.3 za naitrojeni, ambazo ni zaidi ya mifuko 140 ya urea ya kilo 50 kwa hekta moja kwa mwaka. Hata ukifaulu kuirudisha bwawani nusu ya virutubisho kutoka kwenye mashudu, ibaki mifuko 70, bado ni mbolea ambayo mkulima wa mahindi hawezi kuiota. Mwaka 2022 Serikali ililazimika kurudisha ruzuku ya mbolea baada ya bei kupaa katika soko la dunia. Tutaitoa wapi kauli ya kumwambia mkulima wa Msalala apunguze urea shambani ili tupate dizeli, wakati urea yenyewe hutengenezwa kwa gesi asilia? Tungekuwa tunachoma gesi ili kupata mafuta kwa njia ndefu.

Hapa msomaji makini atanipinga kwa hoja mbili, na zote zinastahili jibu.

Hoja ya kwanza: mwani tayari uko ziwani bure, kwa nini tusiuvune huko? Ni kweli kwamba katika Ghuba ya Mwanza na kwingineko maji hugeuka kijani kibichi kwa misimu. Lakini sehemu kubwa ya kile kinachoelea ni bakteria wa kijani-samawati, ambao kwa kawaida hawana mafuta mengi, na baadhi yao hutoa sumu inayodhuru ini. Wakifa na kuoza hula oksijeni ya maji, na samaki hukosa pumzi. Uwepo wao ni dalili ya ugonjwa: udongo wa juu unaosombwa na mvua kutoka mashamba yaliyo wazi, majitaka ya miji, mbolea na majivu. Uvunaji hautatibu ugonjwa huo maadamu chakula cha mwani kinaendelea kumiminwa ziwani kila msimu. Tena nina hofu ya kisiasa. Siku uchafu wa ziwa utakapokuwa malighafi ya kiwanda, patakuwa na watu wenye maslahi ya kuona ziwa haliponi.

Hoja ya pili ni ya wahandisi: tuwekeni mabwawa kando ya migodi. Mwani hunywa hewa ya ukaa, takriban kilo mbili kwa kila kilo ya mwani, na hewa hiyo hutoka kwenye jenereta. Migodi mikubwa ina maji yaliyokwishatumika na ardhi iliyokwishaharibiwa. Kwa karatasi hoja hii ni nzuri. Lakini maji ya mabwawa ya marudio hubeba sainaidi na metali nzito, na katika mialo ya wachimbaji wadogo kuna zebaki, ambayo Tanzania imejifunga kuipunguza kwa kuridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mwani una tabia ya kunyonya metali hizo na kuzihifadhi mwilini. Mashudu yake hayawezi kuwa chakula cha mifugo wala mbolea, na bila kuuza mashudu hesabu ya mafuta huzidi kuharibika. Isitoshe, bwawa ni bwawa. Novemba 2022 kingo za bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, hukohuko Kishapu, zilivunjika, tope likafunika mashamba na nyumba. Wanakijiji wa Kishapu hawahitaji kuelezwa maana ya kuishi chini ya ukuta wa udongo wa mtu mwingine.

Mpaka hapa nimezungumza kama mtu wa hesabu. Naomba sasa nizungumze kama Mtanzania mwenye kumbukumbu, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kati ya mwaka 2005 na 2009 nchi hii ilipita katika homa ya mbono kaburi. Tuliambiwa maneno yaleyale yaliyomo katika andiko la mwanafunzi wangu: mmea unaostahimili ukame, ardhi isiyotumika, mafuta ya bei nafuu, ajira. Kisarawe, kampuni ya Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000 kutoka katika ardhi ya vijiji kadhaa. Kilwa, kampuni ya Bioshape kutoka Uholanzi ilipata takriban hekta 34,000 katika vijiji vinne, vikiwemo Mavuji na Migeregere. Mbono ulistahimili ukame kama ulivyosifiwa. Ila kustahimili ni jambo moja na kuzaa ni jingine. Penye udongo duni na maji machache mmea uliishi bila kuzaa mbegu za kutosha. Bioshape ilifilisika, na mwaka 2011 Sun Biofuels nayo ikasimamisha kazi na kuwaachisha mamia ya vibarua. Serikali ilikuwa imeshasitisha ugawaji mpya wa ardhi mwaka 2009, na mwongozo wa nishati mimea ukatoka mwaka 2010, baada ya ardhi kuondoka.

Jambo la kukumbuka katika historia hiyo ni njia ambayo hasara ilipitia. Chini ya sheria zetu za ardhi za mwaka 1999, ili mwekezaji wa kigeni apate hatimiliki, ardhi ya kijiji huhamishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla. Kampuni ikifa, ardhi hairudi kijijini yenyewe. Hubaki mikononi mwa dola au kwenye mafaili ya wafilisi. Mwenye hisa wa Ulaya alipoteza fedha alizokuwa amekubali kuzihatarisha. Mwanakijiji alipoteza kuni, dawa za miti, njia ya kwenda kisimani na malisho ya mbuzi wake, vitu ambavyo hakuna aliyemweleza kwamba viko hatarini. Ndiyo maana neno "ardhi isiyotumika" hunitia mashaka kila ninapolikuta katika andiko la mradi. Shinyanga hakuna ardhi ya namna hiyo. Kuna ardhi ambayo mwandishi hakumuuliza mfugaji huitumia mwezi gani.

Mkoa huu una ushahidi wa kinyume chake, na ni ushahidi wa kujivunia. Baada ya miongo ya kufyeka vichaka ili kuua mbung'o, kulima pamba na kujaza mifugo, sehemu kubwa ya Shinyanga ilikaribia kuwa jangwa. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao ulidumu hadi mwaka 2004. Wataalamu wake walifika na miche ya kigeni, kisha wakapata hekima ya kuwasikiliza Wasukuma waliokuwa na desturi ya ngitili, yaani kuhifadhi eneo la malisho lisiguswe wakati wa masika ili liwafae mifugo wakati wa kiangazi. Desturi ile ikapewa heshima ya sheria ndogo za vijiji na za sungusungu, na hekta zaidi ya 300,000 zikarudi kuwa na miti na nyasi. Hapakuwa na muujiza wa mimea. Kilichokuwapo ni umiliki: mwenye ngitili alijua kwamba nyasi zikiota ni zake.

Sasa lile eneo la malisho ambalo wazee wa Kishapu wako tayari kulizungumza, yawezekana kabisa ni ngitili ya mtu.

Je, nasema tukae na dizeli yetu ghali? Hapana. Nasema tulitumie jua kwa njia fupi. Mwani katika bwawa huhifadhi asilimia moja au mbili ya nishati ya jua linaloupiga. Paneli ya kawaida hugeuza asilimia 20 hivi kuwa umeme, bila kunywa maji. Zile lita 12,000 za hekta moja, zikichomwa kwenye jenereta, hutoa takriban megawati-saa 40 za umeme. Hekta hiyohiyo ikiwekwa paneli hutoa megawati-saa zipatazo 800. Tofauti ni mara ishirini. Hukohuko Kishapu, katika kijiji cha Ngunga, ulipangwa mradi wa umeme wa jua wa kufikia megawati 150, ukianza na 50. Bwawa la Julius Nyerere limeongeza umeme katika gridi, na njia ya msongo wa kilovolti 220 imeshatoka Bulyanhulu kufika Geita. Kinachobaki ni kipande cha mwisho, kisicho na mvuto wa magazetini: nguzo na transfoma za kufika mwaloni, na mikopo itakayomwezesha mchimbaji kubadilisha pampu na karasha la dizeli kwa la mota. Shilingi ya umma ikiwekwa hapo hupunguza gharama ya mchimbaji mwaka huohuo.

Jikoni nako kuna kazi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Shinyanga ina ng'ombe wengi, kwa hiyo ina samadi ya biogesi. Ina pia mabua ya pamba, ambayo kanuni za kilimo humtaka mkulima ayang'oe na kuyateketeza kila baada ya msimu ili kuua wadudu. Mabua hayo huchomwa shambani yakamfaa nani? Kutengeneza mkaa wa mabua ni teknolojia isiyo na fahari, lakini haihitaji lita moja ya maji ya Ihelele.

Na utafiti wa mwani uendelee. Sitaki kuwa mwalimu anayewafungia vijana milango kwa sababu wengine walishindwa. Mabwawa ya majitaka ya miji yetu tayari yana mwani, maji yake yamekwishalipiwa, na mbolea imo humohumo. Mwanafunzi mwenye hadubini na mizani anaweza kupima humo, kwa fedha kidogo, ni aina zipi zinastahimili jua la hapa na zina mafuta kiasi gani. Akishindwa, hakuna kijiji kilichopoteza malisho. Hiyo ndiyo tofauti ambayo napenda watumishi wa halmashauri waishike: jaribio ni la chuo, na hasara yake ibebwe na chuo, mradi ni wa wananchi, na hauanzi mpaka jaribio limejibu.

Kwa hiyo ninyi mnaoketi mezani wakati andiko kama hili linapowasilishwa, naomba kabla ya saini muulize maji yatatoka wapi na ni ya nani leo. Muulize bei ya lita itakuwa ngapi siku ruzuku na msaada wa wafadhili vikiisha. Muulize mkataba unasemaje kuhusu ardhi mradi ukifa, na msikubali jibu la kwamba hautakufa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ardhi ya kijiji, daftari hilo ni muhtasari wa mkutano mkuu, na wengi wetu tunajua jinsi mihtasari mingine inavyoandikwa baada ya mgeni kuondoka.

Nimemrudishia mwanafunzi wangu andiko lake. Hakufurahi, na sikutaka afurahi upesi. Ameniahidi kuzikagua hesabu zangu moja baada ya nyingine, na akikuta nimekosea nitamwachia nafasi hapahapa aseme. Mkutano mkuu wa kijiji chao utaketi baada ya mavuno. Nimemwomba kitu kimoja tu: atakaposimama mbele ya wazee, aanze na zile ndoo 50.